Deni la Jirani na Paa la Nyumba

Kisangani ni mji wa mvua. Uko karibu na ikweta, na hakuna mwezi upitao bila mvua kunyesha. Mtu aliyejenga kwa miti, udongo na majani hulazimika kuitengeneza nyumba yake tena na tena; ndiyo maana kila mzazi hutamani kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati. Tamaa hiyo si ya anasa. Nyumba kavu ni afya ya watoto, ni mahali pa kuhifadhi chakula na madaftari ya shule, ni heshima ya wazee.

Tena mji huu unajua maana ya kupoteza nyumba kwa siku moja. Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na katika hizo milioni 40 ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Lakini hukumu ilikuja baada ya miaka zaidi ya 20, na mvua haikungoja hukumu. Watu walijenga upya kwa nguvu zao, kwa akiba yao, na kwa mikopo.

Hapo ndipo linapozaliwa swali zito la haki na mapendo. Mtu amekataliwa na benki. Majirani zake, walio maskini kama yeye, wamemkopesha. Amenunua bati, amelipigilia juu ya nyumba yake, kisha ameshindwa kulipa. Je, majirani wana haki ya kupanda juu ya nyumba na kulibandua bati lile?

Mlango wa benki

Yafaa kwanza kulitazama neno la benki, maana wengi waliokataliwa hurudi nyumbani na hasira, na wengine hurudi na haya, kana kwamba wamehukumiwa kuwa watu wabaya.

Benki haikopeshi mali yake tu; hukopesha pia fedha walizoziweka watu wengine. Mwenye kushika amana ya watu ana wajibu wa kuuliza: fedha hii itarudi kwa njia gani? Kwa mkopo wa nyumba benki hutaka mambo mawili: mshahara unaojulikana, na rehani. Mwalimu au mtumishi wa Serikali ambaye mshahara wake hupitia benki aweza kuonyesha jambo la kwanza. Muuza samaki wa sokoni, fundi cherehani, au kijana anayebeba watu kwa baiskeli, toleka, hawezi, ingawa pengine kwa mwaka hupata fedha kuliko mwalimu.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Haki hiyo huwa imara inapoandikwa katika hati ya kuandikishwa, inayotolewa na mtunza hati za ardhi. Na ni hati hiyo inayokubaliwa kuwekwa rehani. Sasa jamaa nyingi za Mangobo, za Kabondo, au za Lubunga ng'ambo ya mto, zina fishi ya kiwanja tu iliyotolewa na komini, au karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Jirani wote wanajua kiwanja ni cha nani. Lakini ujuzi wa jirani hauwekwi rehani benki.

Basi kukataa kwa benki si tusi, wala si hukumu juu ya moyo wa mtu. Benki hupima karatasi, na asiye na karatasi hapimwi. Hata hivyo hapa pana upungufu wa haki, si wa karani anayekataa, bali wa utaratibu unaofanya hati iwe ghali na mbali hata maskini asiifikie. Walio na madaraka juu ya ardhi watajibu juu ya jambo hili.

Tena ni lazima kusema upande wa pili: si benki pekee iliyokataa watu, watu nao wamejifunza kuiogopa benki. Sanduku la Akiba la Kongo lilianzishwa mwaka 1950, na wazee waliweka humo senti zao. Mwezi wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na wengi hawakuwahi kuzibadilisha. Mwaka 1993 noti mpya zilitoka, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Aliyekuwa na akiba ya nyumba nzima alibaki na akiba ya mkate mmoja. Mzazi aliyeona hayo hawezi kulaumiwa kwa kuamini zaidi mkono wa jirani kuliko dirisha la benki.

Duara la majirani

Njia ya majirani ni ya zamani na inajulikana: ni likelemba. Watu kumi na wawili, tuseme, wanapatana kutoa dola 20 kila mwezi. Kila mwezi mmoja wao hupokea zote, dola 240. Kwa fedha hizo hununua saruji, au bati, au huchomesha matofali. Hakuna mwenye kudai faida, wala hakuna hati. Dhamana ni uso wa mtu na jina lake.

Wengi hudhani likelemba ni akiba tu. Lakini ukiitazama vema utaona ni mkopo. Anayepokea mwezi wa kwanza ametoa dola 20 na kupokea 240. Amekopeshwa dola 220 na wenzake wote. Anayepokea mwezi wa mwisho hakukopa hata senti; amewakopesha wenzake miezi kumi na mmoja bila faida. Wa kwanza ni mdeni wa wote, na wa mwisho ni mwia wa wote. Tena ikiwa fedha inahesabiwa kwa franka, na franka inapungua thamani, ni wa mwisho anayepokea mfuko wa saruji uliopunguka, ingawa hesabu ya noti ni ile ile. Ndiyo sababu makundi mengine huhesabu kwa dola, na mengine kwa vitu vyenyewe: kila mmoja hununuliwa idadi ile ile ya bati.

Yapo pia makundi yaitwayo AVEC. Mfano wake ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika yote. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano. Fedha hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mikopo hutoka humo, na baada ya miezi 9 hata 12 akiba yote pamoja na faida hugawiwa. Kwa kuwa mzunguko ni mfupi, mkopo mmoja hautoshi nyumba nzima. Mwenye busara hujenga kwa hatua: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu paa. Nyumba hukawia, lakini kila hatua imelipwa kabla ya nyingine kuanza.

Wala mtu asidhani kwamba njia hii ni ya maskini wa Afrika tu. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1775, watu walikusanyika katika nyumba ya wageni ya Richard Ketley, wakatoa fungu kila mwezi, na kila mmoja akajengewa nyumba kwa zamu. Vyama vya namna hiyo vilivunjwa mara mwanachama wa mwisho alipopata nyumba. Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf mwaka 1864, ambamo wanachama walidhaminiana kwa mali yao yote. Kanada, Alphonse Desjardins alianzisha chama chake Lévis mwaka 1900, na amana ya kwanza iliyopokelewa ilikuwa senti 10. Vyama hivyo viliposambaa katika Quebec, vilifuata mipaka ya parokia, kwa sababu katika parokia watu walijuana.

Huo ndio msingi wa mambo yote: kujuana. Benki yauliza, "Una nini?" Jirani auliza, "Wewe ni nani?" Lakini kujuana kuna uchungu wake. Asiyemlipa benki haionani na benki kila asubuhi kisimani.

Bati la mama

Na afikiriwe sasa mama mmoja muuza samaki, katika likelemba ya watu kumi na wawili iliyotajwa. Zamu yake ni ya tatu. Amepokea dola 240, amenunua bati, amewaezekea watoto wake. Mwezi wa tano amelipa kama kawaida. Kisha mumewe anaugua, mtaji wa samaki unakwenda kwa dawa, na mwezi wa sita mama hana kitu. Amekwisha kutoa dola 100. Amebakiza dola 140.

Mkutano unafanyika. Wengine wanasema, "Mama prezida, bati lile si lake, ni letu; tulibandue tuliuze." Wengine wanasema, "Tumsamehe, leo kwake, kesho kwetu." Nani asemaye haki?

Kwanza: je, mtu asiyeweza kulipa ni sawa na mtu asiyetaka? Hapana. Asiyetaka, naye anacho, ni mwizi, hata kama aliipokea fedha mchana mbele ya watu. Huyo kikundi kinaweza kumpeleka mbele ya wazee, mbele ya mkuu wa mtaa, hata mbele ya mahakama ya amani, wala hakikosi mapendo kwa kufanya hivyo. Asiyeweza bado ni mdeni. Ugonjwa haufuti deni. Lakini ugonjwa huahirisha deni, kwa maana hakuna awajibikaye kufanya lisilowezekana.

Pili: je, bati la nyumba laweza kuchukuliwa kwa kulipa deni la namna hii? Sheria ya Musa ilikwisha kuona jambo hili. Ilikataza kutwaa rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kutwaa uhai wa mtu. Iliamuru vazi la maskini lirudishwe kabla ya usiku, apate kujifunika. Tena ilimwamuru mwia asimame nje, asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Sababu ya sheria hizo ni moja: deni ni la mali, lakini mdeni ni mtu. Kitu ambacho bila hicho mtu hawezi kuishi wala kufanya kazi apate kulipa, hakifai kutwaliwa. Na bati lililokwisha kutobolewa misumari huuzwa kwa bei ndogo. Waia wangepata kidogo, na watoto wangelala mvuani. Ni hasara kubwa kwa mmoja, na faida ndogo kwa wengine.

Hapo mtu mwema aweza kufikiri kwamba swali limekwisha: waliosema tumsamehe wameshinda. Lakini yapasa kuhesabu tena. Dola 140 zilizokosekana ni za nani? Walio mbele katika zamu, wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano, wamekwisha kupokea 240 kamili. Wao hawapotezi kitu. Hasara yote inawaangukia saba wa mwisho, ambao kila mmoja atapokea 220 badala ya 240. Nao ni wale wale waliongoja zaidi na kuamini zaidi. Pengine kati yao yupo mjane ambaye zamu yake ni ya kumi na mbili, na nyumba yake ingali ya majani. Wa kwanza akisimama na kusema kwa sauti tamu, "Tumsamehe," anasamehe kwa mfuko wa mjane.

Huruma ya mali ya mwingine si huruma. Ni rahisi kuwa mwema pale gharama inapolipwa na asiye na sauti. Na hapa wakali nao waligusa kweli fulani, ingawa walikosea katika kubandua bati: walikumbuka kwamba fedha ya kikundi ni jasho la watu, na kwamba kikundi kikivunjika, maskini wote wa mtaa wamepoteza benki yao ya pekee.

Njia ya haki basi ni ipi? Ni hasara kubebwa na wote. Dola 140 zikigawiwa kwa wenzake kumi na mmoja, kila mmoja hubeba karibu dola 13. Waliokwisha kupokea warudishe fungu hilo, na walio nyuma wapokee pungufu kwa kiasi hicho tu. Je, hii ni sadaka? Hapana, ni haki. Wa kwanza walipojenga mapema, walijenga kwa imani ya wa mwisho. Walipokea faida ya kuaminiwa. Wapokee pia sehemu ya hatari yake. Wala deni la mama halifi. Badala ya kuwawia watu saba, sasa anawiwa na kumi na mmoja, naye atalipa kidogo kidogo, dola mbili au tatu, kadiri samaki watakavyouzika. Wala asipewe zamu nyingine kabla ya kumaliza.

Mtu atasema: "Wa kwanza hawakukubali sharti hilo walipoingia." Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kanuni yapasa kuwekwa kabla ya fedha kutoka, ikaandikwa kwenye daftari na kusomwa mbele ya wote: ugonjwa ukitokea tutafanyaje, kifo kikitokea tutafanyaje, mtu akitoroka tutafanyaje. Kikundi chenye kuweka mfuko mdogo wa msaada kila mkutano kimekwisha kujibu nusu ya maswali hayo. Kuzungumza habari za mashaka siku ya furaha si kuitana mabaya. Wagenia hukaza miti na kamba zao kabla ya maji ya maporomoko kupanda, wala hakuna anayewaambia kwamba wanautukana mto.

Faida ya mkopo

Yupo mkopeshaji mwingine anayemngoja aliyekataliwa na benki. Ni yule ambaye katika miji ya Kongo watu wamempa jina la utani la "Banque Lambert." Hataki hati, hataki mkutano, hutoa fedha leo, na mara nyingi hutaka nusu yake juu kwa mwezi mmoja. Anayekopa dola 100 hudaiwa 150. Asipozipata, hulipa 50 za faida tu na deni hubaki. Baada ya miezi minne amekwisha kutoa dola 200, na bado anadaiwa 100 zile zile. Hii si kusaidia. Ni kukaanga mtu kwa mafuta yake mwenyewe.

Je, faida yote ni riba haramu? Kanisa lilishindana na swali hili kwa karne nyingi. Huko Perugia mwaka 1462 watawa wa Mtakatifu Fransisko walifungua nyumba za kukopesha maskini kwa rehani ndogo, na wengine wakawalaumu kwa sababu zilitoza kidogo. Mtaguso wa Tano wa Laterano, mwaka 1515, ulikubali kwamba kutoza kiasi cha kulipia watumishi na gharama si dhambi. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV alifundisha kwamba kudai faida kwa sababu ya mkopo wenyewe ni kosa, lakini alikubali kwamba zaweza kuwapo sababu nyingine halali, nje ya mkopo wenyewe. Kipimo basi si jina la faida, bali ni maswali matatu: Faida hii yalipa nini kwa kweli? Yamwendea nani? Na yamwacha mkopaji akiweza kusimama, au yamwangusha? Katika AVEC faida ndogo humrudia kila mwanachama siku ya kugawana, hata aliyekopa. Kwa mkopeshaji wa njiani hamrudii mtu ila yeye.

Wajibu wa anayekopa

Haki si ya waia tu. Yoshua bin Sira aliandika kwamba wengi hukataa kukopesha si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuogopa kupoteza bure. Kila mdeni anayejificha humfungia mlango mwingine atakayebisha hodi kesho. Kwa hiyo mdeni aliyeshindwa ana wajibu mmoja ambao hata maskini kabisa aweza kuutimiza: kuja. Aje mkutanoni kabla ya kuitwa, aseme hali yake wazi, ataje atakachoweza kutoa, hata kama ni kidogo. Mwenye kuja mikono mitupu ameleta jina lake, na jina ndilo dhamana aliyoiweka tangu mwanzo. Anayekimbia amekula rehani yake mwenyewe.

Na anayekopa apime kabla ya kupokea. Asichukue deni la paa kwa mapato ya msimu mmoja mzuri. Asiifiche hali yake apate zamu ya mbele. Asitumie kwa sherehe fedha aliyopewa kwa nyumba.

Basi jibu la swali la mwanzo ni hili. Bati la asiyeweza kulipa lisibanduliwe. Deni lake lisifutwe. Hasara ya kungoja ibebwe na wote walioketi katika duara lile, na kwanza na wale waliopokea mapema. Anayetaka kuitwa mwenye huruma katika mkutano, na aweke fungu lake mezani kabla ya kusema.